Kabla hujapanda matete, niambie mfuniko wa karo uko wapi

Jumatatu iliyopita kanipigia mkuu wa shule moja ya bweni ya huko Singida, hatufahamiani, namba alipewa na mtu, akasema mwalimu nasikia kwenu mna bwawa la matete linalosafisha majitaka, naomba unitumie mchoro tuanze kuchimba likizo hii hii. Nikamwambia mchoro nitakutumia mkuu, hilo halina shida, ila kabla sijatuma naomba nijibu kitu kimoja, karo lenu la majitaka mnalotumia sasa hivi, lile tangi la chini ya ardhi, mfuniko wake uko wapi? Akakaa kimya kidogo. Akasema nadhani utakuwa nyuma ya mabweni, ngoja nimuulize mlinzi.

Basi nimeona badala ya kumweleza yeye peke yake niandike hapa yote tuliyopitia, maana shule na vituo vya afya vingi huku kanda ya kati vinautaka huu mfumo, na ni mfumo mzuri kwakweli, mimi naupenda kabisa, lakini watu wanakuja wanapiga picha matete wanaondoka, na kinachoua mfumo hakiko kwenye matete, kiko mita thelathini nyuma yake chini ya ardhi ambako hakuna anayeangalia.

Mimi nafundisha kemia, shule ya wasichana, bweni, mkoa wa Dodoma, jina la shule naliacha. Wanafunzi ni 420 ukiweka na walimu wanaokaa ndani. Kwa asiyeijua Dodoma, mvua yetu ni milimita 500 mpaka 600 hivi kwa mwaka na yote inakuja Desemba mpaka Machi, ikijitahidi inafika Aprili, baada ya hapo ni vumbi na upepo miezi saba minane bila tone. Na jua la huku lina njaa ya maji, ukiacha bwawa wazi linaweza kunywewa kina cha mita mbili kwa mwaka, yaani linavukiza zaidi ya mara tatu ya kile mvua inacholeta. Sasa fikiria mahali kama hapo halafu maji ya kuoga, ya kufulia, ya jikoni na ya chooni yote yanaishia kwenye shimo.

Kuna kitu huwa nawafundisha Form Three na kila mwaka wanashangaa. Pale Makutupora, kwenye visima vinavyolisha mji wa Dodoma, vipimo vya kina cha maji ya ardhini vimechukuliwa tangu miaka ya 1950, na ukiangalia ule mchoro hauendi kama unavyodhani, kwamba kila masika maji yanapanda kidogo kila kiangazi yanashuka kidogo. Hapana. Yanashuka miaka na miaka, halafu inakuja masika moja kubwa kama ile ya El Niño ya 1997/98 yanaruka juu kwa mpigo, kisha yanaanza tena kushuka. Maana yake sehemu kubwa ya akiba inaingia kwa misimu michache tu ya mvua kubwa. Kwahiyo ndoo unayomwaga leo bafuni inawezekana mvua yake ilinyesha kabla hujazaliwa, nawaambia hivyo wanafunzi, na wanakuwa wamezaliwa juzi tu hawa. Hiyo ndo sababu mi siwezi kuona majitaka yakinywea kwenye shimo nikatulia.

Tulijengewa mwaka 2019. Wafadhili walileta hela, mkandarasi akaja, na kazi yenyewe kwa macho ilikuwa nzuri. Ngoja nieleze ulivyo kwa sababu wengi wakisikia bwawa la matete wanafikiria dimbwi lenye vyura, na dimbwi halipo. Majitaka yote yanatoka mabwenini na jikoni yanaingia kwenye karo kubwa la zege lenye vyumba viwili, urefu mita 9, upana mita 2 na nusu, kina cha maji mita 2, mita za ujazo 45 hizo. Humo uchafu mzito unatulia chini, mafuta na vinavyoelea vinabaki juu, maji ya katikati ndo yanatoka kwenda kwenye vitanda. Vitanda viko viwili, kila kimoja mita 8 kwa 24, vimechimbwa kina kifupi tu, vimetandikwa nailoni nzito chini ili maji yasipotelee ardhini, juu yake kokoto sentimita 60. Pale maji yanapoingilia yamewekwa mawe makubwa makubwa ili yasambae, halafu kokoto ndogo za saizi ya ubuyu mpaka mwisho. Matete yamepandwa juu ya kokoto. Maji yanapita ndani ya kokoto, uso wake unakuwa sentimita tano mpaka kumi chini ya jiwe la juu, hivyo huyaoni, mbu hana pa kutagia, na kikiwa kizima unaweza kusimama pembeni ukala andazi lako bila shida.

Wanaosafisha hasa ni bakteria. Kila kokoto inavaa utelezi, na ule utelezi ni mji mzima wa vijidudu vinavyokula uchafu uliomo kwenye maji yanayopita polepole. Matete yanasaidia, mizizi inapasua njia, inashusha hewa kidogo, inakula nitrojeni kidogo, lakini mhandisi akikwambia matete ndo yanasafisha kila kitu mwambie arudie. Kinachotakiwa ni muda. Kwetu kila mtu anatumia lita 40 hivi kwa siku, mara 420 unapata karibu lita 17,000. Nafasi kati ya kokoto kwenye vitanda vyote viwili inabeba kama lita 87,000. Gawanya, unapata siku tano. Siku tano maji yanatembea mita 24. Nilivyoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza ubaoni darasa lilikaa kimya, mtoto mmoja akasema mwalimu kumbe yanatambaa kuliko konokono.

Si teknolojia mpya wala si ya kigeni tena. Wajerumani walianza majaribio ya mimea kwenye majitaka miaka ya 1950, mama mmoja anaitwa Käthe Seidel, na hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia utafiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa matete yetu wenyewe haya ya mtoni. Ndugu zetu walioko Oman wanajua kule Nimr, jangwani kabisa, kuna matete eka kwa maeka yanasafisha maji yanayotoka pamoja na mafuta ya visima. Kwahiyo hoja kwamba huku ni kukame matete hayawezi kukubali, hiyo sikubaliani nayo.

Mwaka wa kwanza na wa pili palikuwa pazuri, nakumbuka Septemba 2020 kila kitu shuleni ni rangi ya vumbi, milima vumbi, mibuyu vumbi, halafu pale nyuma ya mabweni kuna kijani kirefu kuliko mtu na ndege wamejaa. Wageni wote walipelekwa pale.

2021 mwishoni tukaanza kusikia harufu asubuhi. Siyo kila siku. Mimi nilikuwa ndo nimekabidhiwa mazingira na nikasema labda upepo. 2022 mwezi wa tano nikaitwa na mlinzi wetu, mzee wa makamo ya baba yangu, wote tunamwita Babu, ndiye anayekata matete na kuchomea nyasi kavu. Nikamwamkia shikamoo Babu, akaitikia marahaba mwanangu, akanishika mkono kabisa akanipeleka pembeni ya kitanda cha kwanza. Akasema, "Mwalimu angalia mwenyewe. Huku yanazama, kule yanakufa kiu. Kitanda kimoja hiki hiki."

Na ilikuwa hivyo hivyo. Upande wa kuingilia maji meusi yamepanda juu ya kokoto, yamesimama, povu la kijivu, mbu kibao. Ukitembea hatua kumi na tano kuelekea mwisho, matete yamekauka yamekuwa kama fimbo, kokoto kavu, unaweza kukaa. Maji yalikuwa hayapiti tena ndani, yamegonga ukuta.

Tulichimba Jumamosi. Mimi, Babu, fundi bomba wa kijijini, na vijana wawili tuliowalipa, wote na buti na glavu, wanafunzi niliwakataza kusogea. Sepetu la kwanza karibu na mawe ya kuingilia lilitoa kitu ambacho sikioni tena kama kokoto, ilikuwa uji mweusi umeshikamana na mawe, unanuka mayai viza. Tukalimwaga kwenye bati. Sasa mimi ni mtu wa kemia, nikakaa pale nikiangalia, na ndani ya nusu saa juani yale mawe yakaanza kugeuka, kutoka weusi wa lami kuwa kahawia kama kutu, kuanzia kingo kwenda ndani. Ule weusi ni chuma na salfa vilivyoungana pasipo hewa, ukivipa hewa vinageuka. Maana yake kile kitanda kilikuwa kimezibwa mpaka hakipumui hata tone. Na ndani ya uji mlikuwa na nini? Pedi. Vipande vya vitambaa. Mabonge meupe magumu kama samli iliyoganda, hayo ni mafuta ya jikoni ya maharage na ya vitumbua. Na zaidi ya vyote tope la chooni lenyewe, laini, ambalo lilitakiwa libaki kwenye karo lisifike huku kabisa.

Sasa ndo swali, kwanini limefika huku? Twende kwenye karo.

Karo halina mfuniko. Tulizunguka pale juu saa nzima. Zege tupu, laini, limepigwa plasta vizuri, na juu yake kuna vyungu vitatu vya maua vilivyowekwa siku ya uzinduzi na havijawahi kuondolewa. Nikapekua ripoti ya makabidhiano kurasa zote, picha za matete zipo kumi na moja, mchoro wa karo upo ukurasa mmoja, na kwenye mchoro mifuniko miwili imechorwa. Fundi akaanza kugongagonga na nyundo kusikiliza. Chini ya chungu cha katikati ikalia tupu. Walipiga plasta juu ya mifuniko ili papendeze. Tangu 2019 hakuna mtu aliyewahi kufungua lile karo kwa sababu hakuna aliyejua linafunguliwa wapi, na kwenye bajeti ya shule hakuna mstari hata mmoja wa kunyonya tope. Iliniuma sana, kwa sababu hiyo ni kazi ya nusu siku, kuacha chuma cha kushikia na kutopaka plasta, na kwa kukosa kazi hiyo mfumo wa mamilioni ulikufa.

Tulivunja. Hapa nisimame kidogo niseme kitu ambacho nisingependa mtu akisome haraka haraka: karo likifunguliwa kaa mbali, liache wazi muda mrefu, usiwashe kitu chochote cha moto karibu, na usiruhusu mtu yeyote ashuke ndani, hata akisema amezoea, hata kama kuna koleo limedondoka. Ile gesi ya mayai viza ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unadhani harufu imeisha kumbe wewe ndo umeacha kuisikia, halafu unaanguka, na anayeshuka kukuokoa anaanguka juu yako. Vifo vya watu wawili watatu kwenye shimo moja mnavisikia kila mwaka.

Kupima tope tulitumia njia ya kizamani ambayo fundi aliijua. Unachukua mti mrefu ulionyooka, unauzungushia taulo jeupe la zamani kuanzia chini unafunga kwa kamba, unauzamisha taratibu mpaka ugote, unasubiri dakika chache, unauvuta polepole. Maji yanateleza yanaacha taulo la kijivu tu, tope linang'ang'ania linaacha weusi. Tukapima ule weusi kwa rula ya ubaoni. Mita 1 na sentimita 30. Na utando wa juu, sentimita 20. Kwenye karo la kina cha mita 2.

Piga hesabu na mimi. Mtu mmoja anaacha tope la lita 30 mpaka 40 kwa mwaka ndani ya karo. Wasichana wetu wako shuleni miezi tisa hivi, basi weka mita za ujazo 11 kwa mwaka. Mara miaka mitatu ni 33. Karo zima ni 45. Kwahiyo bila kuwa na kosa lolote la ajabu, bila kuhujumiwa, kwa kukaa tu, lile karo lilikuwa limebakiza nafasi ya maji ya kama mita za ujazo 11, na kila siku yanaingia 17. Mwanzoni maji yalikuwa yanapumzika mle siku mbili na nusu, sasa hayamalizi hata saa kumi na sita, yanaingia yanapitiliza na tope lake moja kwa moja kwenye kokoto. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa 2019 kwenye karatasi moja ikabandikwa ofisini kwa mkuu. Unatakiwa unyonye tope na utando vikifika theluthi ya kina, kwa karo letu ni kwenye sentimita 60 na kitu, yaani baada ya kama mwaka na miezi minne. Tulichelewa karibu miaka miwili na hatukujua kwamba kuna kitu tunachelewa.

Gari la majitaka lilitoka mjini, safari ya zaidi ya kilomita 70, kila trip lita 10,000, na kwa ule umbali trip moja ilitugharimu shilingi laki tatu na nusu. Trip nne. Mkuu wa shule aliuma meno, na simlaumu, ilikuwa hela ya madawati. Tuliacha tope kidogo chini makusudi, kama unavyobakiza mtindi kwenye kibuyu ili maziwa mapya yagande, maana bakteria wa mle ndani wanatakiwa wapate pa kuanzia. Kokoto za mita nne za mwanzo tulizitoa zote kwa mkono, tukazianika juani wiki tatu, tukazichekecha, tukaziosha kwa yale yale maji yaliyosafishwa ya kitanda cha pili ambacho kilikuwa na nafuu, tukazirudisha. Matete mapya Babu aliyatoa korongoni, vipande vya mizizi vyenye macho, vinne kila mita ya mraba. Mwezi wa pili 2023 yalikuwa yamefika kifuani.

Tulivyobadilisha. Mifuniko ya chuma miwili yenye kufuli, imepakwa rangi ya njano. Jikoni tumejenga kisanduku cha kunasa mafuta kabla maji hayajaungana na laini kubwa, kinafunguliwa kila Ijumaa na wapishi, yale mafuta yanakombwa yanafukiwa. Pedi ndo ilihitaji maneno. Nilikaa na wasichana bila mwalimu wa kiume, nikawauliza tu kwanini zinaingia chooni, na jibu lilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu kwa niaba yetu walimu, hakukuwa na pipa lolote chooni, na tanuri la kuchomea liko mbele ya ofisi ambako kila mtu anakuona unapita na kifurushi chako. Sasa kila choo kina pipa la mfuniko na matroni anaagiza zikusanywe jioni, tanuri limehamishiwa nyuma. Tangu hapo tumenasa chache sana. Mwanzoni kulikuwa na pendekezo la adhabu, nashukuru halikupita.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyetuambia ni likizo. Shule ikifunga mwezi wa sita, mtu hayupo, majitaka hayaji, na huo ni mwezi mkavu wenye upepo. Vitanda vyetu viwili vina eneo la mita za mraba 384 na matete yakishakua yanakunywa, ukichanganya na jua hesabu yangu ni lita 3,000 na zaidi kwa siku. Wiki nne bila maji mengi ya kuingia unarudi unakuta majani yamekunjamana. Dawa yake iko kwenye kile kichemba cha kutokea, kuna elbo ya bomba inayozungushwa, ukiisimamisha maji yanapanda kitandani, ukiilaza yanashuka. Wiki moja kabla ya kufunga tunaisimamisha ili vitanda vijae, tunafunga valvu ya kitanda cha pili, na maji machache ya nyumba za walimu yote yanakwenda cha kwanza. Likizo inayofuata tunabadilishana. Siku za kawaida tunailaza polepole mara mbili kwa mwaka ili mizizi ifuate maji chini.

Hizo lita 3,000 zinazonywewa watu huniuliza kama siyo hasara. Ni hasara, lakini linganisha. Mabwawa ya wazi ya majitaka, kama yale ya Swaswa pale Dodoma mjini, ni teknolojia nzuri kwa mji mkubwa wenye ardhi, na kwa kuua vijidudu yanatushinda mbali, jua na mwani vinafanya kazi ambayo kokoto haiwezi. Lakini kwa watu 420 ungehitaji mita za mraba 1,000 na zaidi za maji wazi, na kwa jua la huku theluthi mpaka nusu ya majitaka yangeruka hewani kabla hujayatumia. Mji wa Windhoek, Namibia, nao mkavu vilevile, tangu mwaka 1968 wanasafisha majitaka mpaka yanarudi kuwa ya kunywa, lakini hapo unazungumzia mitambo na maabara ya saa ishirini na nne. Sisi tuna Babu na mti wa taulo.

Kwahiyo kwa kile kinachotoka tuwe wakweli. Kinatoka cheupe, hakinuki, ukikiweka kwenye glasi mgeni anaweza kukosea. Lakini kitanda cha matete kinapunguza kolifomu za kinyesi, yaani bakteria wanaopimwa kujua kama maji yana kinyesi, kama mara kumi mpaka mara mia, na majitaka yanaanza na mamilioni katika kila mililita 100, basi bado unabaki na makumi elfu au laki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulisema zisizidi 1,000 kama unamwagilia mboga za kuliwa mbichi. Hatufiki huko. Mayai ya minyoo kokoto zinayakamata vizuri, ila bakteria wanapita. Mwanzoni kulikuwa na bustani ya mchicha na nyanya pale chini, niliifunga mwenyewe na nilichukiwa. Sasa tunamwagilia mabingobingo ya ng'ombe wa shule, miembe na mipapai kwa mfereji chini ya shina, hakuna kurusha maji hewani, na wiki mbili kabla ya kukata majani tunahamishia maji kwingine. Lita 13,000 na kitu kila siku kiangazi kizima. Ng'ombe wanne hawajanunuliwa majani tangu 2023.

Kinachonisumbua sasa hivi ni chumvi. Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi tangu mwanzo, matete yanakunywa maji yanaacha chumvi, kwahiyo yanayotoka yana chumvi zaidi ya yaliyoingia kwa kama robo, na tunayamwaga pale pale miaka inavyokwenda. Miembe miwili ya chini kabisa imeanza kuungua ncha za majani. Masika yanaosha udongo kidogo. Nimeanza kuhamisha mifereji kila miezi minne na kupanda mikonge pale chini inayovumilia, mwenye uzoefu wa hili kutoka maeneo ya visima vya chumvi aniandikie, nahitaji sana.

Jumamosi tulipima. Wanafunzi wawili wa Form Two ndo walishika daftari, Babu akashika mti, mimi nilisimama mbali nikiangalia tu. Tope sentimita 52, utando 7. Nimeshaandika barua ya trip mbili za gari, mstari wa kunyonya upo kwenye bajeti na haujakatwa mwaka wa tatu huu. Ijumaa tunafunga, elbo imeshasimamishwa, zamu hii kinachofungwa ni kitanda cha kwanza. Ufunguo wa mifuniko anao Babu, wa akiba uko ofisini kwenye msumari, na mkuu wa Singida, ukishasoma hapa nipigie uniambie mlinzi amesemaje.